Rangi mliyoiona haimo ndani ya jiwe

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa sayansi ulibeba picha ya jiwe iliyopigwa kupitia hadubini: buluu, waridi, kijani kibichi, njano, na katikati yake vijiti vyenye mistari myeusi na myeupe. Chini yake mkaandika kuwa hizo ni “rangi za asili zilizojificha ndani ya jiwe”. Mjukuu wangu alinikimbizia gazeti akijua bibi yake atafurahi. Nikafurahi kweli. Kisha nikasoma yale maelezo ya picha, nikavua miwani, nikaifuta, nikayasoma tena.

Nimekata mawe kwa miaka 31. Sikuwa mwanajiolojia, nilikuwa fundi wa maabara, yule anayeletewa jiwe asubuhi na kutakiwa kulirudisha likiwa jembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Majina ya wasomi waliotumia slaidi zangu yamo katika vitabu. Mimi nilibaki na ncha za vidole zilizolainika hata alama zake zikafutika, na jicho ambalo mpaka leo haliwezi kupita kwenye ukingo wa dirisha la mawe bila kusimama.

Jiwe la picha yenu ni basalti, jiwe la volkeno, na zile rangi kali ni chembe za madini ya olivini. Lishike mkononi: ni jeusi, zito, halina mvuto wowote. Na olivini yenyewe ukiikata nyembamba ukaitazama kwa mwanga wa kawaida, karibu haina rangi; inafanana na kioo kilichokwaruzika. Buluu na waridi hazimo humo. Zimezaliwa na mwanga ukiwa njiani.

Hadubini ya mawe ina vichujio viwili vya polaraizi, kimoja chini ya slaidi na kingine juu yake. Cha chini kinaruhusu mwanga unaotikisika kuelekea upande mmoja tu, na cha juu kimegeuzwa kukikatiza cha chini, kwa hiyo pasipokuwa na kitu kati yake unaona giza. Sasa weka fuwele katikati. Mwanga ukiingia humo unagawanyika kuwa miale miwili, mmoja wenye mbio na mwingine unaojikokota, na inapotoka upande wa pili mmoja umeachwa nyuma na mwenzake kwa umbali mdogo mno. Kichujio cha juu kikiikutanisha tena, baadhi ya rangi huuana na nyingine husalia. Hizo zilizosalia ndizo mlizozichapisha. Umbali wa kuachwa nyuma unategemea ni madini gani, yamekatwa kwa upande upi, na kipande kina unene gani. Badilisha unene kidogo tu, na ile buluu yenu haipo tena. Garneti, ile nyekundu ambayo watu huvaa kwenye pete, haiugawanyi mwanga kabisa. Chini ya vichujio hivyo ni nyeusi tii hata uizungushe mchana kutwa. Mkiichapisha mtaandika nini, kwamba weusi ndio rangi yake ya asili?

Unene unaokubalika ni milimita 0.03. Ukurasa wa gazeti unaoushika sasa hivi ni mnene zaidi ya mara mbili ya hapo. Rula yetu ilikuwa madini ya kwatzi, maana haikosekani katika mawe mengi na tabia yake haibadiliki: ikifika unene sahihi huonekana ya kijivu na nyeupe, ikizidi hugeuka njano, ikizidi zaidi hukimbilia kwenye rangi ya chungwa. Tangu 1888 kuna chati ya Michel-Lévy, Mfaransa aliyezipanga rangi hizo zote pamoja na unene wake, lakini mzee aliyenifundisha kazi hakuwahi kuifungua mbele yangu. Slaidi yangu ya kwanza aliitazama kwa muda wa kupumua mara moja, akasema, “Binti, kwatzi yako bado imevaa njano.” Nikarudi kusaga. Slaidi ya pili nilisaga kwa hasira, nikamletea kipande cha kioo kisafi kabisa. Jiwe lote lilikuwa limeondoka na maji. Alicheka mpaka akakaa chini.

Kazi yenyewe haina siri ila subira. Unakata kibamba kwa msumeno wa almasi, unalainisha uso mmoja kwa unga wa karborandamu uliotiwa maji, kwanza wa chembe kubwa, kisha wa ndogo, kisha wa ndogo zaidi. Unaugandisha uso huo kwenye kioo kwa gundi ya epoksi, na hapo ndipo wengi huharibikiwa, kwani kiputo kimoja cha hewa kikibaki chini ya jiwe, wiki ijayo utadhani umegundua madini mapya. Ikikauka unakata upande wa juu, unaanza kusaga tena, na mwishoni unaiacha mashine na kutumia kidole peke yake juu ya bamba la kioo, mizunguko kumi, unatazama, mizunguko mitano, unatazama. Maji hayakuwa ya kupoozea msumeno tu. Vumbi la kwatzi likiingia kwenye mapafu halitoki, na ugonjwa unaotokana nalo, silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa. Anayewafundisha vijana kukata mawe makavu, bila maji na bila kufyonza vumbi, anawadhulumu.

Hata maji nayo yana mipaka yake. Lava ya mlima Ol Doinyo Lengai, huko Tanzania, ina nyerereiti, madini yaliyopewa jina la Julius Nyerere, pamoja na gregoriiti, na yote mawili huyeyuka katika maji. Mawe ya namna hiyo husagwa kwa mafuta. Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo nilidhani nafanyiwa mzaha wa maabara.

Hilo la rangi, Mhariri, ni dogo, na ningelimeza. Lililonikalisha chini kuandika ni aya ya mwisho ya makala yenu. Mwandishi alisema kwamba siku hizi kuna kifaa cha eksirei kinachoshikwa kama bastola, ukielekeza kwenye jiwe kinakutajia vilivyomo kwa nusu dakika, na kwa hiyo hadubini imebaki kitu cha makumbusho. Kifaa hicho nakifahamu, nimekitumia, na sikikatai. Kinakwambia kuna chuma kiasi gani, kalisiamu kiasi gani, zirkoniamu kiasi gani. Elementi nyepesi kama kaboni, oksijeni na sodiamu hukipita bila kuonekana, lakini tuseme hata zingeonekana. Kujua vilivyomo ni jambo moja. Kujua kilicholipata jiwe ni jambo jingine, na hilo haliko kwenye orodha ya elementi.

Chukua granaiti, rayoliti na obsidiani. Zinaweza kuwa na kemia ile ile kasoro ya kuhesabu kwa vidole. Granaiti imepoa taratibu chini kabisa ya ardhi, na chini ya hadubini fuwele zake ni kubwa, zimeshikana bega kwa bega. Rayoliti ilifika juu ikiwa imebeba fuwele chache zilizokwisha kukua, zikaganda ndani ya uji wa chembe ndogo. Obsidiani ilipoa haraka hata fuwele hazikuwahi kujipanga. Ni kioo, na kati ya vichujio ni giza. Bastola yenu itasoma namba zinazokaribiana kwa zote tatu.

Kisha kuna suala la nani alitangulia. Katika slaidi, fuwele iliyoanza kukua mapema ilipata nafasi ikamaliza sura yake, kona zote zimenyooka. Iliyochelewa ilijibanza kwenye mianya iliyobaki, haina umbo lake yenyewe. Nilijifunza kusoma hivyo kabla sijajua nusu ya majina. Na ndani ya ulanga mweusi, ambao wataalamu huuita baiotiti, mara nyingine utakuta chembe ya zirkoni, madini yenye zirkoniamu, ndogo kuliko nukta ya mwisho wa sentensi hii, na kuizunguka kuna duara jeusi. Mwanasayansi John Joly wa Ireland alieleza mwaka 1907 kwamba duara hilo ni jeraha: chembe ina uraniamu na thoriamu, nayo imekuwa ikiuchoma ulanga unaoizunguka kwa mionzi yake kwa mamilioni ya miaka. Kifaa kitasema “zirkoniamu ipo.” Duara hakitaliona.

Wanaodhani hadubini ni ndogo mno kwa mambo makubwa si wapya. Henry Clifton Sorby wa Sheffield, kijana aliyekuwa na mali ya kumtosha kutohitaji kuajiriwa, alianza kusaga mawe hadi yakapitisha mwanga mwaka 1849, na watu wakacheka: milima inatazamwaje kwa hadubini? Cha ajabu ni kwamba William Nicol wa Edinburgh alikuwa na kila kilichohitajika miaka ishirini kabla. Ndiye aliyetengeneza prizimu ya kuchuja mwanga mwaka 1828, kwa kukata kalsaiti safi ya Iceland na kuigandisha upya, na ndiye aliyekuwa akisaga miti iliyogeuka mawe hadi ikawa myembamba. Alibaki na miti. Sorby akageukia mawe yenyewe, na kufikia 1858 alikuwa ameonyesha kwamba ndani ya kwatzi kuna matone ya majimaji yaliyonaswa fuwele ilipokuwa ikikua, kila tone na kiputo chake, na kwamba kutokana na kiputo hicho mtu anaweza kukadiria joto la siku ile. Mimi mwenyewe nimeviona viputo hivyo. Vingine vinacheza, vinatetemeka ndani ya jiwe lenye umri usiosemeka, na nikiri kwamba nilimwita mfagiaji wa maabara aje aangalie kwa sababu hapakuwa na mwingine karibu.

Naomba sasa niseme juu ya vyungu, maana makala yenu haikuvigusa kabisa, na huko ndiko hadubini ya mawe ilikonishangaza zaidi. Chungu ni jiwe lililotengenezwa na mtu. Lina udongo, lina chembe, lina historia ya joto, nalo hukatwa na kusagwa vile vile, ila kwanza huloweshwa gundi ili lisimomonyoke.

Mtafiti mmoja wa mambo ya kale aliniletea sanduku la vigae vya vyungu, kama arobaini hivi, vyote vya eneo moja. Vipimo vya kemia vilikuwa vimeviweka kwenye fungu moja na yeye alikuwa tayari kuandika kwamba ni kazi ya wafinyanzi wa aina moja. Alitaka slaidi chache kwa ajili ya picha tu. Nilipozitazama nikaona vingine vina udongo mtupu na mchanga wake mdogo wa asili, na vingine vina madonge. Akaniuliza ni nini, nikamjibu kwa uhakika wa miaka yangu yote kwamba ni madonge ya udongo ambao haukukandwa vizuri. Akaandika hivyo kwenye daftari lake.

Usiku sikulala vizuri. Donge la udongo mbichi huwa na kingo laini, nalo hushikamana na wenzake. Yale niliyoyaona yalikuwa na kona kali, yamezungukwa na ufa mwembamba, na chembe zilizomo ndani zimelala upande tofauti na za udongo ulioyazunguka. Asubuhi nikarudi kwenye slaidi ile ile, nikapandisha lenzi kubwa, na ndani ya donge moja nikaona donge dogo zaidi, nalo lina kona na ufa wake. Hivyo vilikuwa vigae. Mfinyanzi alikuwa ameponda chungu kilichovunjika akachanganya kwenye udongo ili chungu kipya kisipasuke kikikauka, na chungu hicho cha zamani nacho kilikuwa kimetengenezwa kwa kuponda kingine kabla yake. Vyungu vitatu, kimoja ndani ya kingine, kwenye slaidi yenye upana wa vidole viwili. Kemia ilikuwa haijakosea hata kidogo: udongo ulikuwa ule ule, na vigae vilivyopondwa vilitokana na udongo ule ule. Lakini mikono ilikuwa na kanuni mbili tofauti. Nilimpigia simu mtafiti kumwambia afute nilichosema jana. Hakukasirika.

Sikuwa wa kwanza kuona kitu cha namna hiyo, wala sijivuni. Katika miaka ya 1930 mtafiti Mmarekani Anna Shepard alitazama kwa njia hii vyungu vya kale vya Pecos, kule New Mexico, Marekani, wakati wengi wakiamini kila kijiji kilijifinyangia vyake. Aliona kwamba mawe yaliyopondwa na kutiwa kwenye udongo wa vyungu vingi hayakuwa mawe ya Pecos. Vyungu vilikuwa vimesafiri. Wenzake walichelewa kukubali.

Slaidi ya chungu hueleza pia habari za tanuru. Udongo uliochomwa kwa joto la chini bado humetameta kidogo ukiuzungusha kati ya vichujio. Mahali fulani kati ya nyuzi 800 na 900 za Selsiasi huanza kuyeyuka na kuwa kioo, na mmeto hufifia. Kalsaiti ikionekana nzima, ujue moto haukuizidi nguvu. Ikivunjika hubaki chokaa, na chokaa hiyo ikinywa unyevu baadaye huvimba na kubandua uso wa chungu, ndiyo maana wengine hulaumiana kwa kosa lililofanyika muda mrefu nyuma. Kwatzi ikifika nyuzi 573 hutanuka ghafla, na ikipoa husinyaa ghafla. Katika kauri nyeupe utaona chembe za kwatzi zimeliwa kingo hadi zimeviringika, kila moja na nyufa ndogo zikiizunguka, na kati yake sindano za mulaiti, madini yaliyopewa jina la kisiwa cha Mull huko Uskoti. Sindano hizo hazikuwemo kwenye udongo. Zimekua ndani ya tanuru.

Hadubini ina yasiyo yake. Chembe za udongo wenyewe ni ndogo mno kwa mwanga, zinahitaji eksirei au hadubini ya elektroni. Madini mengi ya chuma hayapitishi mwanga hata yawe membamba vipi. Hayo hung'arishwa na kutazamwa kwa mwanga unaogonga juu na kurudi. Kwa hiyo simwambii mtu atupe kifaa chake. Nasema tu kwamba mawe yaliyoletwa kutoka mwezini mwaka 1969, ambayo hakuna mashine duniani waliyonyimwa watafiti wake, yalikatwa slaidi kama za kwangu, na humo ndimo ilimotambuliwa armalkoliti, madini yaliyobeba herufi za mwanzo za majina ya wanaanga wa safari hiyo, Armstrong, Aldrin na Collins. Mashine zilikuwepo. Bado mtu alisaga.

Maabara niliyoiacha, ambayo sitaitaja, imehamishia makabati ya slaidi kwenye ujia kupisha mashine mpya. Nilipita mwaka jana. Lebo zimeanza kubanduka kwa joto, na slaidi isiyo na lebo ni kioo chenye uchafu. Nilimkuta kijana mmoja mwerevu sana, ana shahada mbili, akaniuliza kile kichujio cha juu kinavutwa au kinasukumwa. Nilimwonyesha. Alikaa pale saa nzima, chai yake ikapoa.

Maombi yangu kwenu ni mawili. Sahihisheni maelezo ya ile picha, hata kwa mistari miwili. Na siku nyingine mkipata picha ya namna hiyo, chapisheni pamoja nayo ya jiwe lile lile, mahali pale pale, kwa mwanga wa kawaida, ili msomaji aone mwenyewe kilichomo na kilichotiwa na mwanga.

Msomaji asiyeamini anaweza kujaribu bila msumeno wala epoksi. Achukue mchanga mkavu kidogo aumwage kwenye kioo, aweke karatasi ya polaraizi chini na nyingine juu, atazame kwa hadubini yoyote ya shule, huku akiizungusha ya juu mpaka pawe giza. Chembe za kwatzi zitawaka. Atazame pembeni mwa chembe moja: ataona pete za rangi zimefuatana, kijivu ukingoni, kisha njano, nyekundu, buluu, kisha tena, kuelekea katikati ambako ni kunene. Chembe ni moja na madini ni yale yale.

Ile slaidi yangu ya kwanza ninayo. Mzee aliniambia niitupe, nikaificha kwenye mfuko wa koti. Nimeitazama jana kabla ya kuanza barua hii, na kwatzi yake bado ni ya njano.

Fundi mstaafu wa maabara
(Jina na anwani vimehifadhiwa)